Ziara ya Madaraja ya Mwanza kwa Miguu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Karibu. Maswali haya tumeyapata barabarani, kutoka kwa watu waliotembea nasi na wengine waliotupigia simu kabla ya kuja. Baadhi ya majibu ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu. Ukitaka bei na viatu tu, shuka hadi chini.

Ziara inaanzia wapi na inaishia wapi?

Inaanzia Mabatini, pale chini ya daraja la waenda kwa miguu linalokatiza juu ya Barabara ya Nyerere, saa moja na nusu asubuhi kila Jumamosi. Inaishia Furahisha, kwenye daraja jingine la waenda kwa miguu, juu ya barabara inayokwenda uwanja wa ndege. Kati ya hayo mawili tunaufuata mto Mirongo unavyoteremka kuelekea ziwani: Mabatini, soko la Mlango Mmoja, soko la Mirongo, kisha katikati ya mji hadi kwenye mnara wa saa, halafu upande wa Kirumba. Ni mwendo wa kama saa tatu pamoja na kusimama, na tunasimama sana.

Jumapili ya mwisho wa mwezi kuna safari ya pili, ya Kigongo na Busisi. Hiyo haianzi kwa miguu, tunapanda gari. Maelezo yake yako mbele.

Mwanza ina madaraja? Mimi najua ni jiji la mawe.

Hayo mawe ndiyo yaliyoleta madaraja. Simama popote mjini utazame juu: Bugarika, Isamilo, Igogo, Mabatini, nyumba zimekaa juu ya miamba kama ndege kwenye matawi. Mvua ikinyesha juu ya udongo, sehemu kubwa huzama. Ikinyesha juu ya mwamba haina pa kuzama, inateremka yote, kwa kasi, kwa pamoja. Kila bonde kati ya vilima viwili linageuka njia ya maji kwa saa moja au mbili, na baadaye linakauka kana kwamba hakukuwa na kitu. Mtu anayekaa upande huu wa bonde na kuuza nyanya upande wa pili anahitaji pa kukanyaga. Ndiyo maana jiji hili lina vivukio vingi kuliko watu wanavyodhani: madaraja ya zege, makalavati, mbao mbili zilizolazwa juu ya mtaro, mawe matatu yaliyopangwa na mtu ambaye hakutajwa popote.

Tunavitazama vyote. Mgeni hutegemea tumpeleke moja kwa moja kwenye daraja kubwa la Kigongo–Busisi, lakini mimi naamini asiyeuelewa Mirongo hawezi kulielewa hata lile kubwa.

Mirongo ni mto kweli, au ni mtaro?

Ni mto. Swali hili linaniuma kidogo, kwa sababu watoto wengi wa mjini wamekua wakiuona kama mahali pa kutupa. Unakusanya maji ya vilima vya mashariki ya mji, unapita Mabatini, unakatiza katikati ya jiji na kuingia Ziwa Victoria. Sehemu kubwa ya mjini umejengewa kingo, ndiyo maana unafanana na mtaro. Kiangazi unaweza kuuruka. Masika hakuna anayethubutu.

Mambo mawili yanaupata mto huu. La kwanza ni taka. Chupa, mifuko, magunia na matope huja pamoja na mafuriko na kunasa chini ya daraja. Daraja lina tundu la kupitishia maji, na tundu hilo hupimwa kwa maji, halipimwi kwa magodoro yaliyochakaa. Likizibwa, maji hayasimami kungoja, yanapanda na kuzunguka pembeni, yanaingia madukani na vyumbani. Watu wanasema "daraja limejaa", lakini mara nyingi kilichojaa ni takataka tulizozileta sisi.

La pili ni maji ya chooni. Juu ya mwamba huwezi kuchimba shimo refu, na gari la kunyonya halifiki mlimani. Kwa miaka mingi baadhi ya kaya zilisubiri mvua zifungulie vyoo, yote yakateremka hadi mtoni na mtoni hadi ziwani, ziwa lile lile tunalochota maji. Siku hizi kuna mitaa ya milimani iliyounganishwa na mabomba membamba ya majitaka yanayopita juu ya miamba badala ya kuchimbiwa. Tunapopita Mabatini tunakuonyesha. Si kitu cha kupiga picha kwa furaha, ila mimi nakihesabu ni kazi kubwa ya uhandisi kama daraja lolote.

Kwa nini mnakaa Mabatini muda mrefu hivyo?

Kwa sababu pale kuna madaraja mawili yanayoeleza hofu mbili.

Moja liko chini: ni la magari, juu ya Mirongo, kwenye barabara inayotoka mjini kwenda Buzuruga, Nyakato, Igoma na mbele kabisa Magu na Musoma. Kila lori la mizigo linalotoka upande wa Mara kuingia katikati ya mji linapita hapo au karibu na hapo. Maji yakipanda Mabatini, nusu ya jiji inasimama, na wanaoishi bondeni wanabeba vyombo vyao juu ya vichwa. Miaka ya karibuni daraja la Mabatini na lile la Mkuyuni, kwenye barabara ya kusini, yamekuwa yakijengwa upya yawe mapana zaidi, hasa kwa sababu ya mafuriko.

Jingine liko juu: ni la miguu. Hilo halivushi watu juu ya maji, linawavusha juu ya magari. Lilijengwa kwa sababu watu, na wanafunzi wakiwemo, walikuwa wakigongwa wakikatiza barabara ile. Nawaombaga wageni wapande polepole, wasimame katikati, watazame pande zote mbili. Upande mmoja unaona vilima vilivyojaa nyumba, upande wa pili mji unavyoteremka kuelekea ziwani. Kisha tunatazama chini na kuhesabu kwa dakika tano wanaopita juu na wanaokatiza chini. Daraja la miguu lina shida moja duniani kote: ngazi. Mama mwenye beseni la dagaa kichwani na mtoto mgongoni anapiga hesabu yake, na mara nyingine anachagua barabara. Huwa simlaumu. Namuuliza tu aliyebuni daraja kama alibeba beseni.

Kabla ya madaraja watu walikuwa wakivukaje?

Kwa miguu, kwa mtumbwi, kwa kusubiri.

Jina Mwanza lenyewe linatokana na Nyanza, neno la Wasukuma na jirani zao kwa maji makubwa, lililogeuzwa midomoni mwa wageni. Watu wa pwani hii walikuwa wakivuka Ghuba ya Mwanza kwa mitumbwi muda mrefu kabla Mzungu yeyote hajafika. Pale mnara wa saa mjini kuna maandishi yanayosema kwamba tarehe 3 Agosti 1858, kutoka kilima cha Isamilo, Speke, msafiri wa Kiingereza, aliyaona maji makuu ya ziwa kwa mara ya kwanza. Tunasimama tunayasoma, kisha tunaongeza kwamba siku ile ziwani kulikuwa na wavuvi.

Wajerumani waliweka kituo chao hapa mwaka 1892. Mji ulikua ukitazama maji, kwa sababu njia kubwa ilikuwa maji. Reli ya Waingereza kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na kwa miaka mingi pamba na ngozi za Usukuma zilipakiwa melini hapa, zikavuka ziwa hadi Kisumu, zikapanda treni kwenda baharini. Ukifikiri kidogo utaona ajabu yake: mzigo wa mkulima wa Tanganyika ulifika bahari kupitia Kenya, kwa sababu kulikuwa na meli na hakukuwa na reli. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Kuanzia hapo mji ukapata mlango wa pili, wa nchi kavu, na upande wa kusini, Mkuyuni na Butimba, ukaanza kuwa na uzito mpya.

Reli nayo ina madaraja? Mnayapitia?

Yapo, madogo, kwenye reli ile ya zamani kando ya ziwa, na siku hizi yanajengwa makubwa ya SGR, reli mpya ya kisasa, ya Mwanza–Isaka, kilomita 341, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa Juni 2021. Hatupiti juu yake wala karibu sana. Reli si njia ya kutembea.

Daraja la Magufuli limo kwenye ziara?

Limo kwenye safari ya Jumapili ya mwisho wa mwezi. Halimo kwenye ile ya Jumamosi kwa sababu haliko mjini: liko kusini-magharibi, baada ya njia panda ya Usagara, linakatiza Ghuba ya Mwanza kati ya Kigongo wilayani Misungwi na Busisi wilayani Sengerema.

Hesabu zake ni hizi, kwa sababu kila mtu huuliza. Urefu kilomita 3, na barabara unganishi ya kilomita 1.66. Upana mita 28.45: njia mbili kwenda, mbili kurudi, na pembeni nafasi ya waenda kwa miguu. Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 7 Desemba 2019 na Rais John Magufuli, kazi ikaanza mwaka 2020 chini ya kampuni mbili za China zilizoungana. Yeye alifariki Machi 2021, kabla nguzo hazijamalizika. Rais Samia Suluhu Hassan alilifungua tarehe 19 Juni 2025, nalo likapewa jina rasmi la Daraja la J.P. Magufuli, ingawa watu wengi bado wanasema Kigongo–Busisi, au "darajani" tu, na mtu anaelewa. Gharama ilizidi shilingi bilioni 700, zilizotoka serikalini. Hakuna daraja refu kuliko hili Afrika Mashariki na Kati.

Hizo ni namba. Kilichobadilika hasa ni muda. Kwa kivuko, kukatiza maji yenyewe kulikuwa karibu nusu saa, lakini foleni ya kusubiri ingeweza kula saa mbili na zaidi, na usiku ilikuwa habari nyingine. Sasa gari linavuka kwa dakika chache. Mimi nimekaa ghatini Kigongo usiku, mama mdogo amelala kiti cha nyuma ana homa kali, tunatazama taa za kivuko upande wa Busisi tukijaribu kujua kama zinasogea. Taa ikiwa mbali juu ya maji, haionekani kusogea. Nikipita juu ya daraja sasa, hata kama ni mara ya mia, sijaweza kupita bila kukumbuka taa zile.

Kumbuka pia barabara hii inakokwenda. Sengerema, Geita, Chato, Biharamulo, Bukoba, na mbele Rwanda, Burundi, Uganda na Kongo. Asiyetaka maji ilimbidi azunguke kupitia Shinyanga na Kahama. Samaki wa Sengerema, mananasi na mihogo ya Geita, mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Bugando, mwanafunzi anayerudi shule, wote walikuwa wakipita kwenye tundu moja la sindano.

Daraja refu hivyo linasimamaje juu ya maji?

Hili ndilo swali tunalolipenda kuliko yote, na tunalijibu tukiwa kwenye kingo, upande wa Kigongo, huku tunalitazama.

Sehemu kubwa ya urefu ni daraja la kawaida: nguzo, boriti, sakafu ya zege, nguzo tena. Nguzo hazikai juu ya tope la chini ya ziwa. Kila nguzo imesimama juu ya kundi la mihimili mirefu ya zege na nondo iliyochimbiwa kupita maji, kupita matope, hadi kwenye mwamba. Tope la ghuba ni laini, kwa hiyo ukiweka mzigo juu yake, unakaa unazama. Mwamba ule ule uliowafanya watu wa Bugarika wateseke na vyoo ndio unaolibeba daraja hili. Nikisema hivyo watu hucheka, lakini ni kweli kabisa.

Katikati utaona minara mifupi yenye nyaya nene. Hapo ndipo nafasi kati ya nguzo ilipotanuliwa ili vyombo vya majini vipite. Sakafu ndefu bila nguzo hutaka kubonyea katikati. Njia moja ya kuizuia ni kuifanya nene sana, lakini unene nao ni uzito. Njia nyingine ni kuining'iniza kwa nyaya kwenye minara mirefu kama milingoti. Wahandisi wa Kigongo walichagua njia ya kati: minara mifupi, na nyaya zilizolala zaidi kuliko kusimama. Nyaya hizo hazibebi sakafu kutoka juu peke yake, zinaivuta kwa urefu wake na kuikaza. Aliyewahi kuwamba kitanda cha kamba ataelewa. Kamba iliyolegea, ukilala unafika chini. Ukiikaza kutoka miguuni, kamba ile ile inakubeba wewe na watoto wawili.

Pia kuna suala la kina cha ziwa, ambalo kwa macho haliko. Ziwa Victoria halikai mahali pamoja. Mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zililipandisha zaidi ya mita mbili, na mwaka 2020 likapita hata rekodi ile, likaingia kwenye fukwe, majumba na maghati. Daraja la miaka mia moja lazima lijengwe likiwaza maji ambayo hayajafika bado. Mirongo nao unatufundisha somo hilo kila masika, kwa kipimo kidogo.

Naweza kutembea juu ya daraja lote?

Njia ya waenda kwa miguu ipo, na kilomita 3 kwa mtu mzima mwenye mwendo wa kawaida ni kama dakika arobaini. Sisi tunatembea sehemu, si lote, kwa sababu jua la pale halina kivuli hata kimoja na upepo wa ghuba ni mkali kuliko unavyodhani ukiwa garini. Tunakwenda asubuhi. Gari halisimami juu ya daraja hata kwa picha moja. Linatushusha kabla na kutungoja ng'ambo. Tafadhali usimwombe dereva avunje hilo.

Kwa nini mnazungumzia ajali za meli? Nilikuja kuona madaraja.

Kwa sababu huwezi kueleza kwa nini watu wa ziwa hili wanalipenda daraja bila kusema maji yamechukua nini. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imekaribia kufika Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Wengi walizikwa Igoma, kwenye makaburi ya pamoja yenye kumbukumbu yao. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na ghati la Ukara, Ukerewe, wakafa zaidi ya 200. Hakuna familia ya mwambao huu isiyo na jina la mtu katika mojawapo, au jirani mwenye jina hilo.

Tunalieleza kwa dakika chache tukiwa tumekaa, bila kupaza sauti, na yeyote anayetaka kusogea pembeni anasogea. Hatupeleki kundi makaburini Igoma kama sehemu ya kutalii. Ukitaka kwenda, nenda mwenyewe, kimya.

Na iwe wazi: vivuko havijaisha. Kamanga bado watu wanavuka kwa kivuko kutoka mjini, na Ukerewe, Ukara na visiwa vingine bado vinategemea vyombo vya majini. Daraja limepunguza hofu mahali pamoja.

Waliokuwa wakifanya biashara kwenye foleni ya kivuko wako wapi?

Ahsante kwa kuuliza, kwa sababu wachache huuliza. Foleni ya saa mbili ni soko. Mama lishe wa Kigongo na Busisi walilisha madereva, vijana waliuza maji, karanga, mahindi ya kuchoma, samaki wa kukaanga waliofungwa kwenye gazeti. Daraja lilipofunguliwa, foleni ikafa siku hiyo hiyo. Kuna waliosogea barabarani, kuna waliorudi shambani, kuna walioanza upya mjini. Kwenye safari ya Kigongo tunakula kwa mama mmoja aliyebaki, na chakula hicho kiko ndani ya nauli. Sato wake na ugali wa muhogo havihitaji maelezo yangu. Ukimsalimia kwa Kisukuma, "mwangaluka, mayu", atakuongezea mchuzi.

Furahisha kuna nini?

Daraja la miguu lililofunguliwa Oktoba 2017, karibu na viwanja ambako mikutano mikubwa ya mji hufanyika. Tunamalizia hapo kwa sababu ukiwa juu yake unaona ziwa, na aliyetembea kutoka Mabatini anakuwa ameyasindikiza maji karibu hadi mwisho wake. Wenye nguvu wanaendelea na sisi hadi mwalo wa Kirumba kuona dagaa wakipakiwa.

Bei ni kiasi gani?

Jumamosi: Sh 10,000 kwa mtu mzima, wanafunzi Sh 3,000, watoto chini ya miaka kumi bure wakiwa na mzazi. Safari ya Kigongo ni Sh 35,000, gari na chakula vikiwemo. Anayekaa Mabatini, Mbugani au Mirongo halipi siku ya Jumamosi. Mto ni wake, na mara nyingi yeye ndiye anayetusahihisha.

Nivae nini, nibebe nini?

Viatu vilivyofunga vidole, vyenye soli isiyoteleza. Kandambili hapana. Kofia, maji ya kunywa, na wakati wa vuli na masika koti la mvua. Mkoba uvae mbele tukiwa sokoni, kama ungefanya soko lolote.

Mvua ikinyesha?

Manyunyu, tunatembea. Mvua kubwa, tunaahirisha na hela yako inabaki halali kwa Jumamosi nyingine. Hatusogelei kingo za Mirongo wakati maji yanapanda, hata mtu akituomba ili apige picha nzuri. Maji yale yana kasi ya kumwangusha mtu mzima, na yanapanda haraka kuliko unavyoweza kugeuka.

Watoto na wazee wanaweza?

Watoto wanaoweza kushika mkono na kusikiliza, ndiyo. Wazee wanakaribishwa sana, na tunawaomba wazungumze: babu mmoja alitusimulia kwa zaidi ya nusu saa jinsi walivyokuwa wakivua kambale mtoni Mirongo alipokuwa mtoto, na hiyo ndiyo ilikuwa sehemu bora ya siku ile. Asiyeweza ngazi tunaye mwongozaji wa pili anayempitisha chini, kwa kivuko cha barabarani.

Naweza kuogelea au kuingia majini?

Hapana, kote kuwili. Mirongo ni mchafu. Ziwani kwenye kingo zenye majani kuna konokono wanaobeba kichocho, na kichocho cha Mwanza si hadithi. Ukiwa umekanyaga maji kwa bahati mbaya, mwambie daktari ukifanyiwa uchunguzi.

Picha zinaruhusiwa?

Za madaraja na mto, ndiyo. Za watu, omba kwanza. Mama anayeuza mchicha si pambo la picha yako, na akikataa, basi. Kwenye bandari na stesheni weka simu mfukoni mpaka mwongozaji akuambie vinginevyo.

Mnaongoza kwa lugha gani?

Kiswahili. Kisukuma kinaingia chenyewe, hasa Mabatini, na tunatafsiri. Kikundi chenye wageni wasiojua Kiswahili kituarifu mapema tumwandae mtu.

Shule zinaweza kuja?

Zije. Darasa la sita hadi kidato cha nne ndio wanaofaidi zaidi. Tunawapa kamba yenye mafundo kila baada ya nusu mita na wanapima upana wa tundu la kila daraja la Mirongo, kutoka juu, wakiwa wameshikwa na mwalimu. Kisha wanalinganisha: maji yanaongezeka kadiri unavyoteremka, je, matundu nayo yanaongezeka? Jibu lao huwa linawashangaza walimu. Tunaomba shule ilete barua ya wazazi na mwalimu mmoja kwa kila watoto kumi.

Nina picha za zamani za kivuko cha Kigongo, au za mafuriko ya Mirongo. Mnazihitaji?

Tunazihitaji kuliko hela yako. Picha za MV Misungwi, MV Mwanza na MV Sengerema zikiwa kazini Kigongo, tiketi za kivuko, picha ya harusi iliyochelewa kwa sababu ya foleni, picha ya daraja la mbao ambalo leo halipo, vyote hivyo. Tunapiga nakala hapo hapo na kukurudishia ya kwako. Andika nyuma mwaka kama unaujua, na waliomo kama wamekubali watajwe. Kama hujui mwaka, njoo nayo Jumamosi. Tutaiweka mbele ya wazee wa Mabatini, nao watabishana mpaka mmoja akumbuke mvua ya mwaka huo.